Kupamba Nyumba kwa Vitu Vilivyotumika: Je, Ni Kukata Tumaini la Kurudi?

SOMO LA FAMILIA

Masomo ya kusoma nyumbani: Yeremia 28:1-4 na 29:4-10, 2 Wafalme 4:8-11, Mithali 20:14, Yoshua 4:1-7

Mwezi huu tunajifunza jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi, nalo ni namna ya kuitengeneza nyumba ipendeze kwa vitu ambavyo wengine wamekwisha kuvitumia. Msidhani ni jambo dogo. Katika kutembelea familia hapa Nakivale, nimekuta ugomvi mwingi wa mume na mke unaoanzia hapo. Mama anataka kununua pazia la mtumba, au kabati la jirani anayeondoka. Baba anajibu: "Ya nini hayo? Sisi hapa ni wapita njia, kesho kutwa tunaondoka." Mama ananyamaza. Miaka saba inapita, na watoto bado wanakalia jerikani.

Baba huyo si mchoyo. Anaogopa kwamba akitundika pazia atakuwa amekubali kwamba hatarudi tena Uvira, au Fizi, au Masisi. Basi tujiulize pamoja: je, kupamba nyumba ya ukimbizini ni kukata tumaini la kurudi?

1. Barua kwa watu waliohamishwa

Watu wa Yuda walipopelekwa Babeli, zilisikika sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Hanania. Yeye alitangaza kwamba baada ya miaka miwili tu watu wote waliohamishwa watarudi, pamoja na vyombo vya hekalu. Sauti ya pili ilikuwa ya Yeremia. Aliwaandikia waliohamishwa barua kwamba itakuwa miaka sabini, na kwa hiyo wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuuombea mji walipo.

Tazameni vizuri, wapendwa. Katika barua ile ile yenye agizo la kujenga nyumba, ndimo ilimo ahadi ya kurudishwa nyumbani (Yeremia 29:10). Mungu hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Aliyejenga na kupanda alikuwa anamtii Mungu, na aliyetazamia kurudi alikuwa anamtii Mungu huyo huyo.

Makazi yetu haya yamepokea wakimbizi tangu karibu mwaka 1960. Wako waliozaliwa hapa ambao leo wana watoto wao. Mtoto hawezi kuahirisha utoto wake akingoja vita viishe. Nyumba atakayoikumbuka akiwa mtu mzima ni hii anayolala leo, yenye ukuta wa udongo na paa la bati au turubai. Kwa hiyo pazia la mama si kupoteza fedha tu, kama baba anavyodhani. Ni sehemu ya malezi.

2. Biblia haidharau vitu vilivyotumika

Wengine wetu tunaona haya kutumia vitu vya watu. Tulipokuwa kwetu tulikuwa na vitu vyetu, na leo tunachagua katika rundo la mitumba, ambayo Warundi na Wanyarwanda huiita chagua, na Waganda huiita mivumba. Hebu tuone Maandiko yanavyovitendea vitu vya namna hiyo.

Waisraeli walipotoka Misri walitoka na vyombo vya fedha, vya dhahabu na mavazi waliyopewa na majirani zao Wamisri (Kutoka 12:35-36). Baadaye, hema ya kukutania ilipojengwa jangwani, watu walitoa mapambo waliyokuwa nayo. Birika la shaba la makuhani lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliokuwa wakihudumu mlangoni (Kutoka 38:8). Vioo ambavyo akina mama walikuwa wakijitazamia vikawa chombo cha ibada.

Yeremia naye aliokolewa kwa nguo kuukuu. Alipotupwa katika shimo la matope, Ebedmeleki Mkushi alikwenda ghalani mwa mfalme, akachukua matambara na nguo zilizochakaa, akamteremshia kwa kamba ili aziweke makwapani na kamba isimuumize (Yeremia 38:11-13). Yule Mkushi, aliyekuwa mgeni katika mji ule, aliona kazi katika vitu ambavyo wengine waliviona takataka.

Na Bwana Yesu alimlinganisha mwandishi aliyefunzwa habari za ufalme na mwenye nyumba anayetoa katika akiba yake vitu vipya na vya kale (Mathayo 13:52). Vya kale havikutupwa.

3. Tuanze na vitu vinne

Fedha zetu ni chache, na tumeona mgao wa chakula ukipunguzwa. Mama hawezi kununua kitambaa cha meza wakati watoto hawajala. Nabii Hagai aliwakemea watu waliopamba nyumba zao vizuri huku jambo kubwa zaidi limeachwa (Hagai 1:4). Kwa hiyo tunahitaji utaratibu.

Mwanamke wa Shunemu anatusaidia hapa. Alipotaka kumtengenezea Elisha chumba, aliweka vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Hakuweka zaidi, na mtumishi wa Mungu alipumzika. Nawashauri kila familia ifuate orodha hiyo.

Kitanda ni kwa ajili ya kulala juu ya ardhi baridi. Kikitengenezwa kwa miti na kusukwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, hudumu sana. Meza inaweza kuwa ubao wa paleti uliopigwa randa, juu ya miguu ya miti. Mtoto mwenye meza anaandika kazi ya shule vizuri. Kiti kinaweza kuwa cha mbao kilichovunjika mguu, fundi akakitia mwingine. Au chukua tairi kuukuu la gari, uzungushie kamba, uweke mfuniko wa ubao, nawe utapata kigoda kigumu. Taa ni ya sola kwa wale walio nayo. Taa ya sola iliyotumika ijaribiwe usiku kabla ya kulipa, kwa sababu mchana haitakuonyesha kama betri imekufa.

Ukiwa na hivyo vinne, nyumba imekuwa nyumba. Mapambo mengine yafuate polepole.

4. Tununue na kuuza kwa haki

Hapa kuna jambo zito. Vitu vingi vizuri tunavyovipata hapa hutoka kwa familia zinazohamishiwa nchi za mbali. Familia inaitwa kusafiri, na katika siku chache inauza kila kitu. Wanunuzi wanajua kwamba wana haraka. Wanakuja, wanashika kabati, wanatikisa kichwa na kusema limeoza, kisha wanalichukua kwa bei ya sufuria moja. Njiani wanacheka. Mithali 20:14 inamweleza mtu huyo kana kwamba mwandishi alikuwa amesimama sokoni kwetu. Nayo Walawi 25:14 inasema tukiuziana tusidhulumiane.

Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari nyingi zikafutwa. Familia nyingine zilikuwa zimekwisha kuuza vitanda, masufuria na magodoro. Zilirudi katika nyumba tupu. Jambo hili linatufundisha sote, wauzaji na wanunuzi.

Kwa anayeuza: anza na mapambo, viti vya ziada na kabati. Kitanda, godoro, sufuria na jerikani viwe vya mwisho. Unaweza kupatana na jirani bei mapema, akatoa sehemu ya fedha, lakini avichukue siku unapopanda basi.

Kwa anayenunua: toa bei ambayo wewe mwenyewe ungeikubali kama ungekuwa unaondoka. Andikeni karatasi yenye jina la kitu, bei na tarehe, mbele ya mashahidi wawili. Na kama safari ya jirani yako ikivunjika, mrudishie kitanda chake kwa bei ile ile uliyonunulia, bila faida. Hiyo ndiyo ibada ambayo jirani ataielewa hata kama hasali pamoja nasi.

Pia uliza kitu kimetoka wapi. Dawati la shule lililogeuzwa meza ya sebuleni, au godoro lenye alama ya kituo cha afya, si mapambo ya nyumba ya Mkristo. Sheria ya Uganda inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayepokea mali ya wizi huku akijua. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi na muuzaji anakuja usiku, achana nayo.

5. Tusilete madhara ndani ya nyumba

Kitu kilichotumika kina historia, na nyingine si nzuri. Angalieni mambo haya:

Kunguni. Kabla ya kuingiza kitanda, kiti cha sofa au godoro, kiweke nje juani na ukikague. Fungua mishono na nyufa. Ukiona madoa meusi madogo, mayai meupe au maganda, jua kunguni wapo. Nguo na mapazia yachemshwe au yafuliwe kwa maji ya moto. Kitanda cha mbao au chuma kimiminiwe maji yanayochemka katika kila ufa na kiungio. Jua peke yake mara nyingi halitoshi, kwa maana kunguni hujificha ndani, na wanaweza kukaa miezi bila kula. Godoro lenye kunguni ni afadhali usilinunue kabisa.

Mafuta ya taa na dawa za shamba. Wako wanaopaka kitanda mafuta ya taa au petroli kuua wadudu. Katika nyumba ya turubai au nyasi, hayo ni kuita moto. Wala usinyunyizie kitandani dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mazao, kwa sababu watoto huivuta usiku kucha.

Jerikani na mapipa. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya kuua wadudu au kemikali ya kiwandani kisitiwe maji ya kunywa wala chakula, hata ukikiosha mara kumi. Usipojua kilibeba nini, kiache.

Chandarua. Chandarua kilichotiwa dawa ni kwa ajili ya kulalia. Nimekiona kikiwa pazia la mlango na uzio wa kuku, huku mtoto wa nyumba hiyo yuko zahanati kwa malaria. Chandarua kilale juu ya kitanda.

Tairi. Tairi la kigoda likikaa nje litashika maji ya mvua, na mbu watazaa humo. Liweke ndani au ulitoboe matundu chini.

Pazia na moto. Kitambaa chepesi cha nailoni kisiwe karibu na jiko, koroboi wala mshumaa.

6. Namna ya kupamba kwa kidogo

Sasa tuje kwenye uzuri wenyewe. Anza na ukuta na sakafu, kwa maana hata kabati la bei kubwa halipendezi penye ukuta uliobomoka. Ziba nyufa kwa udongo, kisha upake udongo laini uliochanganywa na majivu. Udongo wa nchi hii una rangi nyingi: mwekundu, mweupe, wa kijivu. Ndugu zetu Wanyarwanda wana sanaa ya imigongo iliyotoka Gisaka, mashariki ya Rwanda. Huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wakainua mistari ya pembepembe juu ya ubao au ukuta, ikikauka wakaipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Vitu vyote hivyo tunavyo hapa. Mwite mama anayejua, awafundishe vijana wetu.

Pili, funika juu. Viroba vilivyooshwa vikishonwa pamoja na kuvutwa chini ya paa huwa dari safi. Vumbi halianguki tena katika chakula, na joto la bati linapungua kidogo.

Tatu, chagua rangi moja. Vitu vya kuokota hapa na pale havifanani: kiti kimoja cha bluu, kingine cha mbao, meza ya kijani. Lakini ukichukua kikwembe kimoja kilichochakaa, ukakata pazia, na mabaki yake ukashona foronya na kifuniko cha kiti, macho yataona rangi moja inarudi, na vitu vyote vitaonekana kuwa vya nyumba moja. Vipande vidogo usitupe. Vikiunganishwa viraka kwa viraka, vinakuwa shuka la mtoto.

Nne, tumia kioo. Nyumba zetu zina madirisha madogo na ni giza. Kioo kilichotumika, hata chenye ufa pembeni, kikiwekwa kuelekea dirisha kitarudisha mwanga chumbani. Funika ukingo wake kwa kitambaa kisikate watoto.

Tano, usijaze. Sebule iliyojaa makopo, maua ya plastiki na kalenda za miaka kumi iliyopita inachosha. Bandika picha mbili unazozipenda. Kiti kimoja kisafi kilichoachwa kwa ajili ya mgeni ni pambo kubwa kuliko vyote.

Na akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Anayejua kupiga msumari na kutengeneza mguu wa meza ameipamba nyumba yake. Vijana mnaotafuta kazi, fikirini pia jambo hili. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na kijana mwenye msumeno, msasa na kopo la vanishi anaweza kununua viti vilivyovunjika na kuviuza vikiwa vizima.

7. Kile kitu kimoja cha kwetu

Mwisho, kuna vitu vya kale ambavyo havikutoka sokoni. Katika nyumba nyingine kuna sufuria iliyobebwa kichwani kutoka Fizi, kibuyu, chombo cha mti cha maziwa, kikapu cha bibi, au ufunguo wa nyumba iliyochomwa. Mara nyingi kitu hicho kimefichwa chini ya kitanda ndani ya gunia, kwa kuwa kukitazama kunaumiza.

Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliwaagiza wachukue mawe kumi na mawili mtoni na kuyasimamisha, ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawaeleze (Yoshua 4:6-7). Mawe yale yalisaidia wazazi kusema. Kitu chako cha kale kinaweza kufanya kazi hiyo. Kitoe ndani ya gunia, ukisafishe, ukiweke mahali pa heshima. Siku moja mtoto aliyezaliwa hapa atauliza: "Baba, hii ni ya nini?" Hapo mweleze kijiji, mto, jina la bibi, na njia mliyopita. Andika majina hayo katika karatasi uiweke ndani ya kitu hicho.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwomba Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa, pamoja na vitabu (2 Timotheo 4:13). Mtu wa imani kubwa namna ile alikumbuka joho lake kuukuu. Basi mama asione haya kulilia kikapu chake.

Na wewe uliyekimbia mikono mitupu, usijione maskini kuliko wengine. Keti na mzee anayejua kusuka au kufinyanga namna ya kwenu, mtengeneze kipya. Kitakuwa cha kwanza katika ukumbusho wa nyumba yako.

Basi turudi kwa yule baba na swali lake. Kupamba nyumba si kukata tumaini. Tunapamba kwa sababu watu wanaoishi humo ni wa thamani leo. Siku ya kurudi ikifika, tutavunja kitanda, tutakunja pazia, na kile kitu cha kwetu kitapanda gari kwanza.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Je, mume na mke katika nyumba yenu mnaonaje juu ya kutengeneza nyumba hapa ukimbizini? Kila mmoja anaogopa nini?

2. Katika vitu vinne vya chumba cha Elisha, familia yenu inakosa kipi? Kundi linaweza kusaidiaje?

3. Familia ikiitwa kusafiri, kundi letu lifanye nini ili isidhulumiwe katika kuuza?

4. Ni kitu gani cha kale mlicho nacho nyumbani? Watoto wenu wanajua habari zake? Wiki ijayo kila familia ilete kimoja, na mtoto ndiye aeleze.

Mungu azibariki nyumba zenu, na wageni watakaoketi ndani yake. Amina.